Kilichokataliwa Kisii, Kikapendwa Nyansiongo

Kabla sweta halijafika soko la Nyansiongo, huwa limekwisha kukataliwa na watu wengi. Mwenyewe wa kwanza, tuseme mkazi wa Leeds au Toronto, alilichoka akalitia kwenye mfuko wa msaada. Duka la hisani likalitundika kwa majuma, mteja akakosekana, likashushwa. Wachambuzi katika ghala fulani, pengine Pakistan au Falme za Kiarabu, wakaligusa kwa sekunde mbili na kulisukumia rundo la Afrika, likashindiliwa kwa mashine pamoja na wenzake hadi robota likatimiza kilo 45. Likapita Mombasa likiwa limefungwa, likapita soko la Gikomba la Nairobi likiwa limefungwa, likapanda lori la usiku. Kisii mjini ndipo kamba zilipokatwa, mbele ya wanunuzi waliorauka kuja kuchukua kamera, yaani vile vipande bora vya mwanzo, nao wakalirusha kando. Jumatatu likalala kwenye turubai katika soko la Daraja Mbili, hapohapo mjini. Alhamisi likalala tena, bei ikiwa imeshuka. Mwishowe mchuuzi akalisokomeza kwenye gunia na kupanda matatu kuelekea mashamba ya chai.

Huko ndiko nilikolikuta. Ni sweta la sufu ya kijivu, zito kama blanketi la hospitali, shilingi 200, na hakuna nguo niliyoivaa kulishinda mwaka huu.

Kanuni ya biashara hii kila aliyekulia sokoni anaijua: anayewahi hupata kizuri. Muuzaji akishafungua robota hutenga kamera ya kwanza, kisha ya pili, kisha nguo za kawaida, na mwisho hubaki fagia, rundo la kuuzwa hamsini hamsini au hata ishirini ishirini ili turubai liwe tupu. Bei hufuata ngazi hiyo. Mwaka huu nimenunua kwenye kila kidato chake, kuanzia vibanda vya Kisii mjini hadi masoko ya Keroka, Kebirigo na Nyansiongo, na nikitazama nguo zilizosalimika hadi Desemba naona kanuni ile ni kweli nusu tu. Kwa viatu inasimama. Kwa nguo, hasa kwetu sisi wa huku juu, anayewahi hupata kinachompendeza yeye aliyewahi.

Na nani huwahi? Simama karibu na robota linapofunguliwa alfajiri utawaona. Wapo wenye maduka madogo ya mjini wanaopiga pasi nguo za mitumba na kuzitundika nyuma ya kioo. Wapo vijana wanaouza kwa WhatsApp na TikTok, ambao hununua kile kitakachong'aa pichani. Wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii wanaowatafutia wenzao bwenini. Macho yao ni makali na sina ugomvi nao: wanajua nembo, wanajua suruali gani inavaliwa Nairobi mwezi huu, wanajua rangi itakayouzwa kabla ya saa nne. Lakini picha haina uzito. Haionyeshi kama kitambaa kitakata upepo wa saa kumi na moja asubuhi, wala kama mshono utahimili kamba ya kuanikia nguo ambazo hazijakauka siku ya tatu.

Hapo ndipo jiografia inapoingilia soko. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za kaunti jirani ya Nyamira hupita mita 2,000. Mvua za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, na ni vigumu kuutaja mwezi usio na mvua kabisa. Mchuma chai huingia shambani umande ukiwa bado unatiririka, amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni na kuvaa koti kuukuu ambalo matawi yameshalichana mikono. Sasa mchukue mtu huyo umpelekee blauzi nyepesi iliyoshonwa kwa ajili ya Julai ya Hispania. Ni kamera, ni kweli, na ni shilingi 700. Ataivaa kanisani Jumamosi akiwa Msabato, juu yake atavaa koti, na hakuna atakayeiona hiyo blauzi.

Nguo nzito ndizo zinazodharauliwa njia nzima. Mombasa hazina kazi. Kisumu hazina kazi. Nairobi zina kazi miezi michache. Mwenye duka la Kisii mjini huziona zinakula nafasi ukutani. Kwa hiyo huteremka, na kadiri zinavyoteremka ndivyo zinavyopanda mlima kuwafuata wenyewe.

Koti nililolipata Keroka mwezi Aprili lilikuwa la namna hiyo. Jeusi, la kike, refu hadi magotini, lebo ya ndani ikisema sufu asilimia 80. Bitana ilikuwa imechanika kwapani, vifungo viwili havipo, na lilinuka ghala. Muuzaji, mama wa makamo aliyeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, alitaka 500. Nikamwambia bitana imekufa.

"Baba, bitana si koti," akanijibu. (Msomaji wa mbali asishangae: kwa Ekegusii baba ni mama, na mwanamume ndiye tata.) "Shika hapa begani. Sikia vile limeshikana. Leta mia tatu na hamsini."

Nikaleta. Fundi aliyeketi na cherehani yake hatua chache kutoka pale alikata bitana mpya kutoka kwenye gauni la satini la fagia, la shilingi 50, akatoza 250 kwa kazi yote pamoja na vifungo. Jumla 650. Koti hilo lilivuka Juni, Julai na Agosti bila kudai kitu, na wifi yangu, mwalimu wa shule ya upili kule Ekerenyo, ameliazima mara nyingi kiasi kwamba sasa tunabishana ni la nani.

Mafanikio mengine yalikuwa ya kimyakimya. Mashati ya kiume ya pamba nzito, kwa mfano, ambayo wanaume huyakataa kwa sababu kola imechakaa mkunjoni. Fundi wa kizamani hufumua kola, akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona tena, na shati likaanza maisha upya. Ni ufundi wa dakika chache ambao vijana wengi wenye cherehani za umeme hawajafunzwa; ulizia mzee. Mashuka ya pamba ya vitanda vikubwa vya Ulaya nayo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu vitanda vyetu ni vidogo, ilhali shuka moja hutoa mawili na foronya ya ziada.

Tuje kwenye hasara, maana zilikuwapo na nyingine zilikuwa ghali.

Jaketi la kahawia lililofanana na ngozi, kamera ya kwanza, shilingi 1,800 katika kibanda kimoja cha mjini. Lilikuwa zuri hadi wapita njia waligeuka. Kufikia msimu wa mvua za pili lilianza kubanduka kwenye viwiko, kisha shingoni, likiacha magamba kwenye kila kiti nilichokalia. Halikuwa ngozi bali kitambaa kilichopakwa tabaka la poliurethani, na tabaka hilo lina adui mmoja asiyeshindwa, ambaye ni unyevu. Maji ya hewani huvunja kemikali yake taratibu hata kama jaketi linaning'inia kabatini bila kuvaliwa. Huko lilikotoka lilikuwa limeshamaliza sehemu kubwa ya umri wake. Huku likakutana na hewa ya Gusii, likamaliza iliyobaki.

Buti za kupandia milima zilifuata njia hiyohiyo, na zenyewe zilinifunza zaidi. Zilionekana mpya kabisa, soli hazijaguswa na udongo. Nilizinunua kwa 2,500 nikiamini mvaaji wa kwanza alizichoka kabla ya kuzivaa. Baada ya wiki chache, nikiteremka mteremko wenye utelezi karibu na Manga, kisigino kilikatika vipande kama keki iliyokaa juani. Soli za namna hiyo nazo mara nyingi ni poliurethani. Kiatu kilichokaa miaka kabatini bila kuvaliwa ni kibovu zaidi kuliko kilichotembea, na usafi wake ndio dalili ya hatari. Tangu hapo nikishika kiatu cha mtumba huminya soli kwa kidole gumba na kuikunja hadi nusu. Ikitoa ufa mwembamba, au ikinata, naiweka chini. Na ndiyo maana nasema kwa viatu kanuni ya kuwahi inasimama: viatu imara ni vichache kwenye kila robota, wachaguzi wa asubuhi wanavijua, na vinavyofika Nyansiongo Ijumaa vimebandikwa gundi na kupakwa rangi ya kiwi ili kuficha.

Fundi wangu wa Keroka ana kipimo cha kitambaa ambacho hakihitaji lebo. Huchomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauwasha kwa kiberiti, akaunusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu cheusi, ni poliesta, na hapo hukurudishia nguo bila neno. Wauzaji hawaipendi tabia hiyo na mimi siwalaumu, lakini pindo lina nyuzi nyingi.

Kishanga hicho cheusi kinazidi kuonekana. Poliesta na jamaa zake za mafuta ya petroli ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo, na nguo zenyewe hushonwa zivaliwe msimu mmoja. Ripoti ya shirika la Changing Markets iliyotolewa mwaka 2023 ilidai kwamba zaidi ya nguo moja kati ya kila tatu zinazoletwa Kenya kama mitumba ni taka ya plastiki kwa jina jingine. Wauzaji wa Daraja Mbili hawajasoma ripoti hiyo ila watakwambia jambo hilohilo kwa hesabu yao: zamani robota lilirudisha mtaji kwenye kamera pekee, yaliyobaki yakawa faida, sasa unafika katikati ya rundo hujarudisha mtaji. Na robota hununuliwa likiwa limefungwa. Huruhusiwi kuchungulia. Unasoma maandishi ya nje, unalipa, unakata kamba, unaomba Mungu.

Ripoti za namna hiyo huniacha na shaka kidogo, si kwa sababu ya tarakimu bali kwa sababu ya neno taka. Koti la Keroka lingehesabiwa wapi? Lilikuwa limechanika, limepungukiwa vifungo, na wachaguzi wote wa mjini walikuwa wamelipita. Mpima taka aliyesimama Gikomba angeliandika upande wa hasara. Aliyesimama Nyansiongo mwezi Julai angeliandika vingine. Lakini jaketi langu la kubanduka, lililopita kila ukaguzi kwa alama za juu, lingeandikwa upande wa mali. Hesabu ya aina hii inafaa kufanyiwa mahali nguo inapochakaa, si mahali inapofunguliwa.

Wanasiasa nao wana hesabu zao. Juni 2022, akizindua manifesto ya muungano wa Azimio, Raila Odinga alisema nguo tunazoletewa zimevaliwa na watu waliokufa huko zitokako. Kelele zilizofuata zilimlazimu kufafanua kwamba hakukusudia kuua biashara ya mtu. Aligusa panapouma: kwa takwimu za taasisi ya utafiti ya IEA ya Nairobi, Kenya iliingiza tani 185,000 hivi za mitumba mwaka 2019. Kabla yake, mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kufikia 2019. Rwanda ilishika neno, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia nafasi ya kuuza mavazi huko bila ushuru. Kenya ilikuwa imeshajitoa zamani.

Mtu wa Gusii hahitaji kukumbushwa upande wa pili wa habari hii, kwani KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, hakiko mbali na wazee wetu walifanya kazi huko. Kilizimika miaka ya 1990, milango ya biashara ilipofunguliwa na pamba ikakosa bei. Rivatex ya Eldoret ilianguka pia, ikaja kufufuliwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Nasikitikia viwanda hivyo kwa dhati. Ila anayesema kwamba mitumba ikifungwa leo mchuma chai wa Kebirigo atanunua koti la sufu lililoshonwa Kenya, aseme pia litatoka wapi na kwa shilingi ngapi. Tulilionja jambo hilo Machi hadi Agosti 2020, uagizaji ulipopigwa marufuku kwa sababu ya korona. Wauzaji ninaowafahamu walihamia ndizi na parachichi, na robota lililokuwa limebaki ghalani likauzwa kwa bei ya kukata pumzi.

Bei ina kalenda yake huku, na kalenda hiyo ni majani chai. Bonasi ya wakulima wa shirika la chai la KTDA ikilipwa, kwa kawaida kufikia Oktoba, turubai za Nyamira hubadilika rangi. Mali nzuri iliyofichwa miezi kadhaa hutolewa, na lililokuwa 300 huwa 500 kabla hujafungua mdomo. Desemba wanakuja wa Nairobi, ambao huona kila kitu ni rahisi na kutuharibia majadiliano. Wakati wa kununua ni mwishoni mwa Januari na Februari: karo imelipwa, mifuko imekauka, muuzaji ana ushuru wa soko na mtoto wa sekondari. Siyo wakati wa fahari kwa yeyote kati yenu, lakini hapo ndipo mnapoongea ukweli.

Keroka ina mchezo wake wa ziada. Mji huo umekalia mpaka wa kaunti hizi mbili, na tangu ugatuzi uanze serikali za Kisii na Nyamira zimevutana kuhusu nani atoze ushuru wapi. Wafanyabiashara wamelalamika miaka na miaka kwamba hudaiwa na pande zote mbili. Anayeuza nguo barabarani hujua sare za watoza ushuru wa kila upande na huweza kukunja turubai kwa kasi ya ajabu. Ukiona bei imeshuka ghafla kwa mia moja, tazama nyuma yako.

Nataka kutaja jezi kabla sijasahau. Timu ya soka ya Shabana iliporejea Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje, Gusii iliwaka, na mpwa wangu akaniagiza jezi ya mtumba ya "Tore Bobe", jina la utani la timu hiyo. Nimepekua. Kuna Arsenal za kila mwaka, kuna Borussia Dortmund, kuna timu ya magongo ya shule ya wasichana ya mji wa Canada nisioujua. Ya Shabana haimo kwenye robota, na haitakuwamo: mitumba haileti kilicho chako. Ilibidi aende dukani kama watu wengine.

Kuna vitu ambavyo sikununua na sitanunua, na si kwa kiburi. Chupi na sidiria, hapana. Kofia za pikipiki, hapana; sponji zake za ndani huzeeka kama ile soli ya buti. Lakini nguo za watoto wachanga hazimo kwenye orodha hiyo: kinyume na wasemavyo wengi, ndizo biashara bora kuliko zote kwenye ngazi nzima, kwa sababu mtoto hukua kabla hajaichakaza nguo. Rompa nne za pamba kwa shilingi 200, na mvaaji wa kwanza alizitumia miezi miwili. Hapo ukitoka mikono mitupu ujue hukuinama vya kutosha.

Lakini ile faida yangu ya kununua mwisho imeanza kupotea. Yule mama wa Keroka si mjinga. Alianza kuona kwamba naliendea rundo la nguo nzito kabla ya kitu kingine, na kwamba nalipa bila kugombana sana. Kufikia Agosti alikuwa ananitengea makoti kwenye gunia la pembeni. Kufikia Oktoba lililokuwa mia tatu na hamsini lilikuwa mia sita, kisha mia nane, na nilipouliza sababu akasema sufu imekuwa na watu. Juzi amenipigia simu usiku: amenunua robota zima la makoti mazito, analifungua Alhamisi alfajiri, kamera ya kwanza ni elfu moja na mia mbili, na nisichelewe, maana kuna mwalimu wa Nyansiongo ambaye naye ameanza kuja na kiberiti.